Trei za mayai hazitakuletea usingizi

Msomaji, majuzi alinijia mama mmoja wa Umoja. Presha imepanda, kichwa kinamuuma, na usiku halali kwa muziki wa baa iliyo ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa amembandikia trei za mayai ukuta mzima wa chumba. Kelele zikabaki pale pale.

Vitu laini kama sponji, zulia na mapazia mazito hunyonya mwangwi wa sauti zilizomo ndani. Vinafaa sana pale watoto wanaposomea kwenye sakafu tupu ya simiti. Lakini kelele ya nje huzuiwa na kitu kizito kisicho na upenyo. Ukuta wa mawe unatosha. Sauti hupitia dirishani na chini ya mlango. Anza hapo: rudisha kioo kilichovunjika, ziba nyufa za fremu, weka mpira chini ya mlango. Kabati lililojaa nguo liegemeze ukuta wa jirani.

Ila ukiziba, jiko la makaa lisiwashwe humo kamwe. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Trei na sponji hushika moto upesi, na mama huyu hupikia stovu chumbani humo humo! Mwenye uwezo atafute pamba ya mawe, ambayo haiungui.

Kanuni za kelele za 2009 huruhusu desibeli 35 tu usiku ndani ya nyumba za makazi. Baa ikizidisha, walalamikie NEMA.

Mama nilimwambia abandue trei siku hiyo hiyo, na vidonge vya presha asiviache.