Jiko Jipya la Gesi: Je, Bomba na Mtungi Vinatosha?

Wakazi wengi huanza na meko ya kilo 6, ambayo kichomeo chake hufungwa juu ya mtungi wenyewe. Hapo hakuna hesabu ya kupiga. Hesabu huanza siku jiko la vichwa vinne linapoingia jikoni na mtungi kutolewa nje, maana sasa gesi ina safari.

Bomba likiwa jembamba mno, kichwa kimoja huwaka vizuri, kisha moto hufifia vingine vinapowashwa. Tatizo si ugali kuchelewa tu. Moto dhaifu huzimwa na upepo mdogo au uji uliofurika, huku gesi ikiendelea kutoka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatoka dirishani, bali hutambaa sakafuni na kutulia pembeni, pengine karibu na jiko la makaa ambalo bado lina moto.

Kipimo huanzia kwenye kibandiko cha jiko au kijitabu chake, ambapo nguvu ya kila kichwa huandikwa kwa kilowati. Chukua jiko lenye kichwa kidogo cha kilowati 1, viwili vya kilowati 1.75 na kikubwa cha kilowati 3. Jumla ni 7.5. Kilo moja ya gesi hutoa takriban kilowati 13.7 kwa muda wa saa moja, kwa hivyo vichwa vyote vikiwashwa hadi mwisho vitakula kama kilo 0.55 kwa saa. Namba hiyo ilinganishwe na ile iliyochapwa kwenye regyuleta. Ya kilo 1 au 1.5 kwa saa inatosha, na mtungi wa kilo 13 unamudu.

Shinikizo nalo lilingane. Majiko ya nyumbani hutumia karibu milibari 30. Regyuleta ya shinikizo kubwa, ile ya kuzungusha kwa mkono ambayo hutumika kwenye majiko ya hoteli, haifai hapa hata fundi akidai kwamba moto utakuwa mkali zaidi. Jiko lililoletwa kutoka ng'ambo likaguliwe pia: huenda lilitengenezewa gesi asilia, ambayo matundu yake ya kutolea gesi ni makubwa. Likiunganishwa na mtungi hivyo hivyo, moto huwa mrefu, wa manjano, na sufuria hujaa masizi.

Kwa mzigo wa kilowati 7.5, bomba la shaba la milimita 15 linafaa kwa umbali wa mita 10 bila shida. Urefu ukiongezwa mara mbili, shinikizo linalopotea njiani huongezeka mara mbili, na kila kona huongeza kidogo. Lakini upana ndio wenye uzito zaidi: ukipunguza upana wa ndani kwa nusu, upotevu huo hupanda zaidi ya mara kumi. Hapo ndipo akiba ya shilingi chache hugeuka hasara.

Mambo hubadilika mtu anapotaka kuunganisha na hita ya maji ya papo hapo. Hita ya kilowati 16 ikiongezwa, jumla hufika 23.5, yaani kilo 1.7 kwa saa. Regyuleta ya kilo 1.5 imeshindwa, na mtungi mmoja wa kilo 13 hupoa hadi kufanya ukungu au barafu kwa nje kwa sababu gesi haiwezi kugeuka mvuke haraka kiasi hicho. Wapo wanaoumwagia maji ya moto au kuulaza. Wasifanye hivyo. Dawa ni mitungi miwili iliyounganishwa pamoja, regyuleta kubwa na bomba lililopimwa upya.

Mpira wa gesi uwe mfupi, usizidi mita moja na nusu, usipitishwe ndani ya ukuta, na ubadilishwe tarehe iliyochapwa juu yake inapofika. Mpira wa kumwagilia bustani si mpira wa gesi. Mtungi ununuliwe kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA na usimame wima, nje, penye hewa.

Kabla ya kumlipa fundi, mkazi amwombe apake povu la sabuni kwenye kila kiungo mtungi ukiwa umefunguliwa. Mapovu yakivimba, gesi inavuja: mtungi ufungwe, kiungo kikazwe na kupakwa tena. Kiberiti kisitumike kupima.