Usianzie Getini

Vitu vikishatolewa nje na magharibi inaingia, uwe umetolewa na mwenye nyumba, mume au mashemeji, hufikirii sana. Unafunga begi, unampigia ndugu, ndugu hapokei, unakwenda kanisani au msikitini. Getini mlinzi anakwambia ofisi imefungwa, urudi Jumanne.

Makala hii ni ya mwanamke wa Dar es Salaam anayejikuta hapo peke yake, bila mume kando wala mtoto mgongoni. Huyo ndiye husahaulika. Nyumba za hifadhi zinazoendeshwa na watu wa dini mara nyingi hulenga yatima, wazee, au mabinti wanaokimbia ukeketaji kama kule Mara. Mama wa miaka 40 mwenye nguvu zake akibisha hodi, huulizwa kwanza: "Kwani huna ndugu?"

Kwa hiyo usianzie getini. Mkatoliki aanze kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, kwa sababu huyo anamjua, na barua yake ndiyo paroko ataisoma. Mlutheri amwone mzee wa kanisa. Mwislamu asubiri mpaka baada ya sala ya alasiri amwone imamu, wala asione haya kutaja zaka: katika makundi manane ya wanaostahili wamo fukara, mwenye deni na msafiri aliyekwama. Barua ya serikali ya mtaa na namba ya NIDA ziwe mkobani.

Sasa uombe nini? Wengi huomba pa kulala. Mimi ningeomba kodi. Wenye nyumba wengi jijini wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi hukwama hata wakiwa na kibarua. Chukua chumba cha shilingi 50,000: ni 300,000 mkononi. Jumuiya ya kaya 20 ikichanga 15,000 kila kaya, imetimia. Harusi tunazichangia zaidi ya hapo.

Kitanda kikiwa lazima, jua unabisha hodi kwa nani. Masista wa Mama Teresa, wale wa sari nyeupe yenye mistari ya bluu, hupokea hasa wagonjwa na wazee wasio na mtu; nyumba yao si gesti. Hosteli ya YWCA, katikati ya jiji, ni ya kulipia. Popote utakapopokelewa, uliza kabla hujafungua begi: nakaa mpaka lini? Nikitoka kibaruani, geti linafungwa saa ngapi? Kitambulisho changu anakaa nacho nani? Kuheshimu ratiba ya sala ya wenyeji ni adabu, lakini nyumba inayokutaka ubadili dini ndipo ulale, iache.

Kama umepigwa au umetishiwa, pitia kwanza Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Chukua RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ikiwa umeumia. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anaweza kukuelekeza nyumba salama ambayo jirani zako hawaijui, na kwa mtu anayewindwa hilo ni kubwa kuliko godoro.

Halafu, kama aliyekutoa ni mume, kuna nyumba uliyoiacha. Viongozi wa dini ni wepisi wa kusema "vumilia, mwanangu", na wapo wanaokukalisha na mumeo mkubaliane mezani usiku huohuo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu kupika, kufua na kulea kuwa mchango katika mali ya ndoa. Karatasi ya kugawana mali usiisaini parokiani wala kwa imamu. Ipeleke kwanza kwa msaidizi wa kisheria; chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, huduma hiyo ni bure kwa asiye na uwezo.