Kuchagua Kompaila ya Fortran kwa Gharama Nafuu: Kijitabu kwa Wanafunzi wa Frere Town na Kisauni

Fortran ni lugha ya programu iliyobuniwa kwa ajili ya hesabu za kisayansi na kundi la IBM lililoongozwa na John Backus, na kompaila yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1957 kwa kompyuta ya IBM 704. Kompaila ni programu inayosoma maagizo yaliyoandikwa na binadamu na kuyageuza kuwa maagizo ya mashine. Pasipo hiyo, alichoandika mwanafunzi hubaki maandishi matupu. Umri wa lugha hii usimtishe mtu, kwa maana kiwango chake rasmi kilihuishwa tena mwaka 2023, na modeli zinazotumika sana kukadiria hali ya hewa na mikondo ya bahari, kama WRF na ROMS, zimeandikwa kwa Fortran. Kwa kijana wa Frere Town elimu hii ina jirani yake, kwani Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979, ina makao yake makuu pale Mkomani, upande uo huo wa bara.

Bei ya kompaila na gharama nyingine

Kompaila inayomfaa anayeanza ni gfortran, ambayo ni sehemu ya mkusanyiko wa programu huria uitwao GCC tangu toleo la 4.0 la mwaka 2005, na ambayo haiuzwi. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. Kwa hiyo mwanafunzi anayeichukua kwa flashi kutoka kwa rafiki havunji sheria yoyote, na programu anayoiunda kwa kompaila hiyo ni mali yake, hata akitaka kuiuza. Nakala za wizi za kompaila za kulipia hazina sababu tena ya kutafutwa, mbali na virusi zinavyoweza kubeba.

Zipo nyingine zisizolipiwa. Kompaila ya Intel iitwayo ifx ni bure na hutoa programu zenye kasi, ila haifanyi kazi kwenye vichakato vya ARM kama kile cha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na ukiichukua pamoja na vifaa vyake vyote hula gigabaiti kadhaa. FTN95 ya Silverfrost ina toleo la bure kwa matumizi binafsi kwenye Windows. Ile ya NAG inasifika kwa ukali wa kukagua makosa, lakini hulipiwa, na anayejifunza anaweza kuiacha bila kupungukiwa.

Ingawa nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifikishwa Mombasa mwaka 2009, anayenunua bando la siku bado huhesabu kila megabaiti, na hapo ndipo gharama halisi ilipo. Kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu, amri moja tu, `sudo apt install gfortran`, huleta kompaila kwa makumi ya megabaiti, na laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo huimudu bila shida. Asiye na kompyuta anaweza kujaribu mazoezi mafupi kwa simu kupitia kompaila zilizo mtandaoni, ingawa njia hiyo humchosha mapema anayehitaji kusoma mafaili ya data.

Kompaila inayomwonyesha mwanafunzi kosa lake

Sifa inayopaswa kupewa uzito kuliko kasi ni uwezo wa kompaila kumwonya anayejifunza. Tuseme mwanafunzi anataka kugeuza joto la bahari la nyuzi 82.4 za Fahrenheit kuwa Selsiasi, akaandika `c = 5/9*(f-32)`. Jibu sahihi ni 28, lakini programu itatoa 0, kwa sababu katika Fortran namba kamili 5 ikigawanywa kwa namba kamili 9 sehemu ya desimali hutupwa, na sifuri ikizidishwa kwa chochote ni sifuri. Akiongeza `-Wall` katika amri ya gfortran, kompaila itamwonya kwamba mgawanyo huo umekatwa kuwa 0, naye atasahihisha kwa kuandika `5.0/9.0`. Vivyo hivyo, `-fcheck=all` husimamisha programu inapojaribu kusoma nje ya mipaka ya safu, yaani orodha ya thamani zilizopangwa chini ya jina moja, kosa ambalo bila ukaguzi huo huweza kutoa majibu ya uongo kimyakimya.

Sifa ya pili ni uwezo wa kusoma Fortran ya zamani. Mwaka 1977 Michael Foreman wa Kanada alichapisha mwongozo wa programu zake za Fortran za kuchanganua na kutabiri maji kujaa na kupwa, na hesabu za namna hiyo ndizo zinazoeleza kwa namba yale ambayo wavuvi wa pwani huyajua kwa jicho, bamvua na maji mafu. Mafaili ya enzi hizo kwa kawaida huishia na `.f` na hufuata kanuni kali ya safuwima, ambapo maagizo huanza safuwima ya saba, ilhali yale ya kisasa huishia na `.f90` na kuandikwa kwa uhuru zaidi. gfortran huyakubali yote mawili, na pale inapokataa mtindo uliokwisha kuachwa, chaguo la `-std=legacy` mara nyingi hutosha kuifanya iupokee.