Spika za Bapa na Spika za Sanduku: Zipi Zafaa Nyumbani?

Spika za kusikilizia muziki nyumbani ni za namna mbili. Namna ya kwanza twaijua sote: sanduku la mbao lenye koni ya karatasi mbele yake. Ya pili ni bapa, nyembamba na ndefu kama mlango wa kabati, wala haina sanduku lo lote. Wauzaji husifu zote mbili, na bei zake si mchezo. Basi yafaa mnunuzi ajue tofauti kabla ya kutoa fedha.

Tofauti hiyo yatokana na jambo moja. Kitu kinachotetemeka kikisukuma hewa ya mbele, papo hapo huvuta hewa ya nyuma. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili zilizo kinyume, nazo zikikutana huuana. Mwanafunzi ye yote aweza kulithibitisha jambo hili katika maabara. Chukua spika tupu iliyotolewa katika redio ya zamani, uiunganishe na waya za redio nzima, kisha uishike mkononi. Sauti itakuwa nyembamba kama ya mbu. Sasa ikandamize juu ya tundu lililokatwa katika ubao mpana: mara ngoma na besi zitasikika. Ubao haukuongeza nguvu yo yote. Umeizuia tu sauti ya nyuma isizunguke kuja mbele.

Hesabu yaeleza sababu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Sauti nzito ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, na sauti kali ya mitetemo 5,000 ina wimbi la karibu sentimita 7 tu. Wimbi fupi huzuiwa na ubao. Lile refu huuzunguka kana kwamba ubao haupo.

Sanduku ni dawa ya shida hiyo, maana laifunga sauti ya nyuma ndani. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alionyesha kwamba hata sanduku dogo la kuwekwa rafuni laweza kutoa besi ya kweli likizibwa kabisa. Hewa iliyofungwa huwa kama springi. Utaijua ukiziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole na kusukuma. Lakini mbao za sanduku nazo hutetemeka na kutia sauti yao katika wimbo, hata mwimbaji akasikika kana kwamba yumo ndani ya pipa.

Bapa halifungi kitu. Lililo mashuhuri lilitolewa Uingereza mwaka 1957 na Peter Walker, kwa jina la Quad. Ndani yake mna utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, uliotandwa kati ya bamba mbili zenye matundu. Utando hutiwa chaji ya maelfu ya volti, na bamba huuvuta huku na huku kufuata muziki. Kwa kuwa ni mwepesi mno, huanza na kukoma upesi, na sauti za watu na za nyuzi hutoka safi ajabu. Magnepan, kampuni iliyoanzishwa na Jim Winey huko Marekani mwaka 1969, hutumia sumaku na waya zilizobandikwa juu ya utando, bila chaji hiyo.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, ametenga sehemu ya kiinua mgongo chake kwa ajili ya spika, naye aliniomba ushauri. Apenda taarabu ya zamani, yenye fidla, kanuni na udi, na kwa nyimbo hizo ningalimchagulia bapa bila kusita. Lakini chumba chake ni mita 3 kwa 4, na makochi yamegusa kuta pande zote. Bapa hutaka kusimama kama mita moja mbali na ukuta wa nyuma, la sivyo sauti ya nyuma hurudi upesi na kuvuruga ile ya mbele. Tena, ubavuni mwa bapa sauti hizo mbili huuana, hata aketiye pembeni husikia kidogo. Na kwa mjomba wageni huketi kila pembe. Juu ya hayo, mabapa mengi hudai amplifaya yenye nguvu, na yale ya chaji huvuta vumbi na kuchukia unyevu, navyo pwani havikosekani. Nilimwambia anunue sanduku.

Kama angekuwa na sebule kubwa, akisikiliza peke yake usiku, ningejibu vingine.

Aendapo dukani achukue wimbo anaoujua kwa moyo, agonge ubavu wa sanduku kwa vifundo vya vidole. Likilia kama ngoma, aliache hapo hapo. Likijibu kwa mlio mfupi, mkavu, aombe kulisikiliza.