Mto Ruaha Mkuu Wakauka: Nani wa Kulaumiwa?

Wasomaji wetu wengi, hasa wale wakaao pwani na kandokando ya Ziwa, pengine hawajapata kuuona Mto Ruaha Mkuu. Walakini kwa miaka mingi kila aliyewasha taa ya umeme nyumbani kwake alitumikiwa na mto huo bila kujua. Maji yake ndiyo yanayozungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, yenye nguvu ya megawati 80 na megawati 204. Tena wali mweupe tuulao siku za sikukuu mara nyingi umetoka katika majaruba ya Usangu, ambayo nayo hunyweshwa na maji hayo hayo. Basi habari ya mto huu si ya watu wa Mbeya na Iringa peke yao.

Mto watoka katika milima ya Uporoto na Kipengere, nao huungwa na ndugu zake, Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera. Yote hushuka katika mbuga ya Usangu na kuingia katika kinamasi kiitwacho Ihefu. Yafaa tukieleze vizuri kinamasi hiki, maana asiyekifahamu hataifahamu shida yenyewe. Ihefu ni kama beseni pana lenye ukingo wa mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiingia kwa wingi hufurika juu ya ukingo huo, mto ukaendelea na safari yake katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mpaka Mtera. Lakini jua la Usangu ni kali, nalo kila siku hunywa sehemu ya maji ya beseni. Yaingiayo yakiwa machache kuliko yanywewayo na jua, maji hushuka chini ya ukingo, na hapo halipiti hata tone moja. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1993. Mto ambao wazee waliujua kuwa wa mwaka mzima ulikatika ndani ya hifadhi, viboko wakasongamana katika vidimbwi vya matope. Na tangu hapo umekauka karibu kila kiangazi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Frederick Sumaye, aliahidi mbele ya mataifa kwamba mto utatiririka tena mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Mwaka huo ulifika, ukapita, na kiangazi mto bado hukatika.

Nani mkosaji? Watu wengi walijibu upesi: wafugaji. Ikasemwa kwamba ng'ombe wamekanyaga kinamasi na kumaliza maji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengine wakasafiri mpaka Rufiji na Lindi. Na mwaka 2008 eneo la Usangu likatiwa ndani ya hifadhi, ambayo wakati ule ikapita kilometa za mraba 20,000. Hatukatai kwamba ng'ombe wengi mno huharibu malisho. Lakini ng'ombe waliondoka, na kiangazi mto ukakauka vile vile. Mtu aliyefukuzwa kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa si lake amedhulumiwa, hata kama aliyemfukuza alikuwa na nia njema.

Wataalamu walioichunguza Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake waliona sababu kubwa mahali pengine, yaani katika mifereji ya mashamba wakati wa kiangazi. Hapa msomaji atastaajabu na kuuliza: je, mpunga si umekwisha kuvunwa miezi hiyo? Ndiyo, kwa sehemu kubwa umevunwa. Lakini mfereji haufungwi, kwa sababu vijiji vilivyojengwa kandokando yake hunywa humo, hufua humo, hunywesha mifugo na kufyatulia matofali. Ili akina mama wa kijiji wapate ndoo zao chache, mfereji mzima huachwa ujae mchana na usiku, na maji mengi huishia kunywewa na udongo na jua. Hatuwalaumu akina mama. Mwenye kiu hawezi kungoja mpaka apate kisima.

Na liko jambo jingine la kuhuzunisha. Zamani banio lilijengwa kwa mawe, miti na majani, nalo lilivuja. Kuvuja kule ndiko kulikoupa mto haki yake. Kisha wakaja wafadhili na wahandisi, wakajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Wakulima walishukuru, na kwa haki, maana walikwisha choka kujenga upya kila baada ya mafuriko. Lakini banio la zege laweza kuukamata mto wote wakati maji ni machache. Tena kibali cha maji humpa mtu kiasi fulani cha lita kwa sekunde, naye akiisha kukilipia hudhani ameyanunua maji yenyewe, kana kwamba mto wa mwezi wa Oktoba ni sawa na mto wa mwezi wa Machi. Sheria ya maji ya mwaka 2009 imeweka jumuiya za watumia maji ili wa juu na wa chini wakae pamoja. Ni jambo jema. Lakini jumuiya isiyokutana ila siku ya kumpokea mgeni haigawi maji.

Twapenda kusimulia njia moja iliyotupendeza. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Bruce Lankford, alitengeneza ubao ulioinamishwa, wenye mto uliochorwa katikati. Wanakijiji huketi kuuzunguka, gololi zikamwagwa kutoka juu kama maji, na kila mmoja huweka vijiti vyake kuzinasa ziingie shambani kwake. Wa juu hujaza mashamba yao mara moja, wa chini hubaki mikono mitupu. Kisha hubadilishana nafasi! Mchezo huu ulichezwa Usangu kwenyewe, na baada ya kucheka watu huanza kusemezana mambo ambayo mkutano wa kawaida huyafunika.

Kazi iliyobaki yajulikana. Vijiji vya kandokando ya mifereji vipatiwe visima vyenye pampu, kwanza kabisa, kabla ya kumwambia mtu afunge banio lake. Mavuno yakiisha, milango ifungwe, na atajwe kwa jina katika mkutano wa kijiji yule atakayekaa na ufunguo.