Kufundisha Kishona kwa Watoto Wadogo kwa Njia ya Michezo na Shughuli za Nyumbani

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi lugha ya nyumbani inavyoweza kufundishwa kwa michezo na kazi za kila siku za jamaa. Mfano wetu ni Kishona, lugha ya Kibantu yenye wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote nchini Zimbabwe, ambayo husemwa pia katika sehemu za Msumbiji.

Sheria ya Elimu ya Zimbabwe ya mwaka 1987 iliruhusu Kishona kitumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, na Katiba ya mwaka 2013 inakitaja miongoni mwa lugha 16 zinazotambuliwa rasmi. Lakini sheria peke yake haimtii mtoto lugha kinywani. Tumfikirie mtoto aliyelelewa mjini Harare, au ughaibuni Uingereza, kwa Kiingereza kitupu. Siku anapopelekwa kijijini, bibi yake anamsalimu, naye anamgeukia mama yake amfasirie. Hapo kilichopotea ni zaidi ya msamiati, kwani mtoto na bibi wamekuwa wageni wao kwa wao. Mwalimu anayefundisha Kishona hana budi kuikumbuka hasara hiyo kila anapotayarisha andalio la somo.

Salamu na heshima

Tuanze na salamu, kwa kuwa ndiyo lugha ya kwanza mtoto anayodaiwa na wakubwa. Asubuhi husemwa “Mangwanani”, mchana “Masikati”, na jioni “Manheru”. Mtoto humwuliza mwenzake “Wakadii?”, lakini kwa mkubwa husema “Makadii?”, akitumia umbo la wingi kwa heshima. Salamu huenda pamoja na kupiga makofi polepole: wavulana hulinganisha vidole vya mikono miwili, na wasichana hukunja viganja na kuvikingamanisha. Basi tusiyafundishe maneno haya kwa kuyaandika ubaoni. Mtoto mmoja awe ambuya, yaani bibi, mwingine awe sekuru, yaani babu, na wengine waingie mlangoni mmoja mmoja kuwaamkia. Kila mtoto atachagua umbo la kitenzi kwa kumtazama aliye mbele yake, na ndivyo sarufi ya heshima inavyoingia bila kuhubiriwa.

Kuhesabu kwa mawe

Nhodo ni mchezo unaofanana na mdako wetu. Mawe madogo huwekwa katika kishimo; mchezaji hurusha jiwe moja juu, huchota mengine, kisha hulidaka lile la kwanza. Watoto wahesabu kwa sauti: motsi, piri, tatu, ina, shanu. Wakishazoea, tuwatake wataje na kitu chenyewe: “dombo rimwe, matombo maviri, matombo matatu”. Baada ya hapo tubadili mawe kwa vijiko: “chipunu chimwe, zvipunu zviviri”. Sisi wasemaji wa Kiswahili tutatambua mara moja kwamba chi- na zvi- ni ndugu wa ki- na vi- zetu. Ila sauti zv, kama ilivyo sv, hutamkwa kwa kuviringa midomo na kutoa mluzi mwembamba. Mtoto huipata sauti hiyo kwa kuitamka mara nyingi mchezoni kuliko kwa kuelezwa ulimi ukae wapi.

Mahumbwe

Katika mahumbwe watoto hujenga vibanda vyao na kuigiza maisha ya mji mzima: baba, mama, watoto, wageni. Mwalimu alete chungu, mwiko na beseni. “Wapike” sadza, yaani ugali, na muriwo, yaani mboga za majani. Kabla ya kula, mtoto apige goti na kuwamiminia wakubwa maji ya kunawa. Anayetaka maji kwa mwenzake aseme “Ndipewo mvura”, na kwa mkubwa “Ndipeiwo mvura”. Mwenye chakula aite “Huyai tidye”, yaani njooni tule.

Mtoto akikosea, mwalimu asiusimamishe mchezo. Tuseme mtoto amesema “zvipunu maviri”. Mwalimu aliye katika nafasi ya bibi ajibu tu, “Ehe, ndipe zvipunu zviviri.” Mtoto atasikia usahihi wakati anapouhitaji, na hataaibika mbele ya wenzake.

Kazi inayopelekwa nyumbani

Mchezo wa darasani ukiishia darasani, lugha haitadumu. Kwa hiyo kila juma mtoto apewe kazi isiyoweza kufanyika bila jamaa. Kazi mojawapo ni kuuliza mutupo wa ukoo wake, kama vile Shumba, yaani simba, au Moyo. Katika desturi ya Washona mtu hushukuriwa kwa mutupo wake: “Maita Shumba.” Mtoto akirudi na jina hilo, wenzake wamshukuru kwalo kila anapogawa vitabu. Kazi nyingine ni kusikiliza rungano, yaani hadithi, kutoka kwa mtu mzima. Msimuliaji huanza na “Paivapo”, nao wasikilizaji huitikia “Dzepfunde”. Mtoto anayejua kuitikia amekwisha kupata nafasi yake karibu na moto wa jioni, hata kama hadithi yote haielewi bado.

Hapa tahadhari moja yafaa. Kishona kina lahaja kadhaa, zikiwamo Kizezuru, Kikaranga, Kimanyika na Kikorekore, na maandishi ya pamoja yalipata msingi wake katika taarifa ya mtaalamu Clement Doke ya mwaka 1931. Mtoto akileta neno la bibi yake lisilomo kitabuni, tusimwambie kwamba amekosea. Tumwambie kwamba hivyo ndivyo wasemavyo kwao, kisha tumwonyeshe na neno la kitabuni. Tukimkosoa bibi mbele ya mjukuu, mtoto hatamwuliza tena.

Hitimisho

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Miaka ya mwanzo ya shule ndiyo wakati wa kazi hii. Mwalimu ataijua kazi yake imefaulu kwa ishara moja: mtoto anapofika kwa bibi yake, akapiga makofi na kusema “Makadii, ambuya?” pasipo kumtazama mama yake.

Zoezi. Chagua mchezo mmoja wa watoto wa kwenu. Andika maneno na sentensi zinazosemwa humo, kisha tayarisha somo la dakika 30 pamoja na kazi moja ambayo mtoto ataifanya nyumbani na mzee wake.