Kuajiri Fundi: Cheti Kisomwe, Mkono Upimwe

Mwenye karakana anayetafuta mchomeleaji wa vyuma kwa kawaida huletewa watu wa aina mbili. Wa kwanza ana cheti lakini hajakaa kazini. Wa pili amefanya kazi miaka kumi lakini hana karatasi yoyote. Kumchagua mmoja kwa sababu ni ndugu wa jirani, au kwa sababu bei yake ni ndogo, ni kuuweka mtaji rehani.

Chukulia mfano. Fundi mmoja anataka Sh. 20,000 kwa siku, mwingine Sh. 12,000. Anayemchukua wa pili anaokoa Sh. 8,000 kila siku. Fundi huyo akiharibu geti moja lenye vifaa vya Sh. 150,000, akiba ya karibu siku 19 imekwisha, mbali na mteja atakayehamia kwa mwingine.

Kusoma cheti

Nchini Tanzania mafunzo ya ufundi stadi hutolewa na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, miongoni mwa wengine. Hapa ni rahisi kukosea. Katika mfumo wa zamani wa majaribio ya ufundi, Daraja la Tatu lilikuwa la chini na Daraja la Kwanza la juu. Katika tuzo za taifa zilizofuata, hesabu imegeuka: Ngazi ya Kwanza ni ya kuanzia na ya Tatu ni ya juu. Mwajiri anayesoma namba bila kutazama aina ya cheti anaweza kumlipa anayeanza ujira wa bingwa.

Aliyejifunzia kazini naye asidharauliwe. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa namna hiyo na kuwapa vyeti. Kwa fundi umeme, cheti peke yake hakitoshi. Aonyeshe pia leseni ya EWURA ya kufunga umeme.

Kupima mkono

Usaili wa fundi haufanyiki mezani tu. Mchomeleaji apewe mchoro mdogo wenye vipimo, vipande vya chuma na muda maalumu. Msimamizi atazame mambo manne: je, anapima kabla ya kukata? Je, anavaa kinga ya macho bila kukumbushwa? Pembe zimekaa sawa? Kiungo kikipigwa nyundo, kimeshika hadi ndani au juu tu?

Baada ya hapo ndipo yaje maswali. Aulizwe kazi gani iliwahi kumharibikia na aliirekebishaje. Anayedai hajawahi kuharibu chochote ama hajafanya kazi nyingi, ama hasemi kweli. Jaribio likichukua siku nzima, mwajiri alilipe; jaribio si njia ya kupata geti la bure.

Fundi ajiandae

Kwa upande wake, fundi anayeitwa afike mapema akiwa na cheti halisi na nakala, picha za kazi alizofanya, na majina ya wateja wawili walio tayari kumsemea. Avae nguo na viatu vya kazi, maana huenda akapewa jaribio papo hapo. Ajue bei yake na sababu yake. Asilolijua aseme halijui. Mashine ikiungua itasema kwa niaba yake.

Kuandikiana

Wakikubaliana, waandikiane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi na ujira. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Gharama hiyo iingizwe katika bei ya geti kabla ya kupokea oda. Anayeikumbuka mwisho wa mwezi ataitoa katika faida yake.